Kukagua leseni ya mpelelezi binafsi Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili jijini, na maswali haya huletwa mezani kwangu kila mara. Wengi huyaleta wakiwa wameshatuma pesa. Ningependa uyasome kabla ya kutuma.

## Mambo ya msingi

Je, sheria ya Kenya inamtaka mpelelezi binafsi awe na leseni?

Ndiyo. Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 iliunda mamlaka ya serikali inayojulikana kwa herufi PSRA, na kazi yake haiishii kwa mabawabu wa getini. Wapelelezi binafsi nao wamo. Anayefanya kazi hii kwa malipo bila kusajiliwa na PSRA anavunja sheria, hata awe ameifanya miaka ishirini.

Hiyo miaka ishirini ndiyo huwachanganya wengi. Wapo wazee wa kazi walioanza zamani, wakati mtu alisajili jina la biashara, akachapisha kadi na kutafuta chumba cha ofisi ghorofani, basi. Uzoefu wao ni wa kweli. Lakini sheria haikuwaacha nje kwa sababu ya umri wa biashara yao, na mzee wa kazi anayejiheshimu atakuonyesha cheti chake bila kununa.

Ana cheti cha kampuni, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na leseni ya biashara ya kaunti. Hivyo havitoshi?

Havitoshi. Cheti cha kampuni kinasema kampuni ipo. PIN inasema KRA inamtambua. Leseni ya City Hall inasema amelipia ada ya kuendesha biashara jijini. Hakuna hata kimoja kinachosema kuwa mwenendo wake umechunguzwa na ameruhusiwa kupeleleza watu. Muuza viatu wa Moi Avenue anaweza kuwa navyo vyote vitatu.

Leseni inampa mamlaka gani?

Madogo kuliko watu wanavyodhani. Hawezi kuingia nyumba ya mtu kupekua, hawezi kumzuilia mtu, hawezi kumwamuru mtu amwonyeshe kitambulisho, wala hawezi kusikiliza simu. Kuhusu kukamata, ana nafasi ileile ambayo Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inampa raia yeyote anayeshuhudia kosa kubwa likitendeka mbele yake, na hata hapo ni lazima amkabidhi mtu huyo kwa polisi bila kukawia.

Anachoweza ni kuuliza, kutazama akiwa mahali pa wazi, na kusoma kumbukumbu ambazo sheria inaruhusu zisomwe: rekodi za kampuni, umiliki wa magari kupitia NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), mafaili ya kesi, Gazeti Rasmi la Serikali. Kazi nzuri ya upelelezi kwa sehemu kubwa ni subira na makaratasi. Anayekuahidi zaidi ya hapo, soma sehemu ya mipaka huko chini kabla hujaendelea naye.

Nataka tu kujua mume wangu hulala wapi akisema amesafiri. Kazi ndogo kama hii nayo yataka leseni ikaguliwe?

Hii ndiyo inayohitaji ukaguzi kuliko zote. Hebu fikiria unachomkabidhi mtu huyo siku ya kwanza: picha ya mumeo, namba yake ya simu, namba ya gari, anakofanya kazi, shule wanakosoma watoto, na juu ya yote, habari kwamba ndoa yenu ina ufa. Umempa mtu usiyemjua kamba ya kukufunga nayo.

Asiye na leseni hana cha kupoteza. Anaweza kumwendea mumeo na kumuuzia habari kwamba unamchunguza, au akakurudia wewe akidai aongezwe pesa la sivyo atasema. Mwenye leseni naye ni binadamu, lakini kuna ofisi inayojua jina lake na inayoweza kumnyang'anya riziki. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia.

## Namna ya kukagua

Nianzie wapi?

Anza na mpelelezi mwenyewe. Mwombe vitu vitatu kwa maandishi: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, jina kamili la kampuni, na namba ya usajili wa PSRA. Angalia anavyojibu. Mwenye navyo huvituma dakika hiyohiyo. Asiye navyo huanza hadithi: kazi yetu ni ya siri, leseni iko kwa bosi, wewe niamini tu dada yangu.

Ukishavipata, waulize PSRA kama kampuni hiyo na mtu huyo wamesajiliwa, na kwa huduma gani. Uliza kwa barua pepe ili ubaki na jibu la kuonyesha. Mawasiliano ya mamlaka yatoe kwenye tovuti yao rasmi, ile inayoishia na .go.ke. Usipige namba aliyokupa mpelelezi akisema "hawa ndio PSRA, watakuhakikishia." Kumweka rafiki kwenye simu aitikie "ofisi ya serikali" ni jambo rahisi mno.

"Kwa huduma gani" ina maana gani?

Kampuni inaweza kuwa imesajiliwa kihalali kutoa walinzi, kisha ikatangaza upelelezi pembeni. Cheti ni halali, lakini si cha kazi unayoitaka wewe. Kwa hiyo swali lako kwa PSRA lisiishie "je, hawa wamesajiliwa?" Liwe "je, hawa wamesajiliwa kufanya upelelezi binafsi?"

Amenitumia picha ya cheti kwa WhatsApp. Inatosha?

Haitoshi, lakini ina faida: ikuze picha uisome polepole. Tazama mstari wenye jina la kampuni. Kwenye cheti kilichochezewa, mara nyingi mstari huo una herufi nzito kidogo au nyembamba kidogo kuliko zilizo juu na chini yake, au karatasi nyuma ya jina ni nyeupe kuliko kwingine kwa sababu kuna jina lililofutwa. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi; kuna wanaotuma cheti halali kilichokwisha muda. Kisha linganisha jina na tahajia yake na lile lililo kwenye mkataba na kwenye namba ya malipo. "Investigations Limited" na "Investigators" si kampuni moja.

Hata picha ikipita mitihani hii yote, uliza PSRA. Cheti cha kampuni nyingine kinaweza kukopwa kikiwa safi kabisa.

CR12 ni nini, na itanisaidia vipi?

Ni taarifa rasmi ya Huduma ya Usajili wa Biashara, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Unaiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada ndogo. Ukiipata, tafuta jina la mtu unayeongea naye. Akijiita mkurugenzi na jina lake halimo, mwombe aeleze. Akiwa mwajiriwa, akuletee barua ya kampuni, na uithibitishe kwa simu ya ofisi, si kwa simu yake.

Ikiwa biashara yake ni jina la biashara tu na si kampuni, haitakuwa na CR12. Kuna upekuzi wake rasmi, kwenye eCitizen hiyohiyo, unaoonyesha mwenye jina ni nani.

Naweza kumdai cheti cha mwenendo mwema bila kuonekana mkorofi?

Dai. Hiki ndicho cheti ambacho vijana hupangia foleni ya alama za vidole ili wapate kazi ya udereva au ya dukani. Kama dereva wa basi la shule anaombwa, anayepewa siri za nyumba yako hana sababu ya kukasirika. Kinatolewa na DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, baada ya maombi ya eCitizen. Angalia kimetolewa lini. Cha miaka mitano iliyopita hakisemi lolote kuhusu mwaka jana.

Anasema ni polisi mstaafu. Mwingine anasema bado yuko DCI na anafanya hizi kazi jioni.

Hawa ni watu wawili tofauti kabisa.

Mstaafu anaweza kuwa mpelelezi hodari sana, lakini siku aliyostaafu mamlaka ya polisi yalibaki kituoni. Anahitaji usajili wa PSRA kama mtu mwingine yeyote.

Anayedai bado yuko kazini ni hatari kwako kwa vyovyote vile. Akiwa anasema uongo, kujifanya mtumishi wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na umempa pesa tapeli. Akiwa anasema kweli, unamlipa afisa wa umma atumie cheo na mitambo ya serikali kwa shida yako binafsi. Huo ni ufisadi, na jina lako litakuwa kwenye ujumbe wa M-Pesa. Kama jambo lako ni la jinai, nenda kituoni, uandikishe na upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Haiuzwi.

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaingiaje hapa?

Upelelezi ni kukusanya habari za watu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu moja kwa moja. Mwombe cheti cha usajili wa ODPC, ndiyo ofisi hiyo ya Kamishna. Ofisi ndogo sana zinaweza kuwa na msamaha wa kujisajili, lakini hakuna aliyesamehewa wajibu wenyewe wa kulinda habari hizo. Muulize swali hili: picha na ripoti yangu mtaviweka wapi, na mtavifuta lini? Mpelelezi ambaye hajawahi kuliwaza jibu lake hajawahi kuwawaza wateja wake.

## Pesa na mkataba

Anataka nusu ya malipo leo kwa M-Pesa. Nitume?

Malipo ya awali ni ya kawaida. Kazi hii ina gharama za mafuta na siku nzima za kungoja. Shida ni pesa inaenda kwa nani. Unapolipa, usikimbilie kuthibitisha kabla hujasoma jina linalojitokeza. Ikiwa mkataba ni wa kampuni na jina ni la mtu binafsi, acha. "Hiyo ni ya mhasibu wetu" si jibu. Kampuni inayofanya kazi ina till, paybill au akaunti ya benki kwa jina lake, na inatoa risiti.

Mkataba uwe na nini?

Majina kamili na namba za usajili wa PSRA, za kampuni na za mtu atakayefanya kazi. Kazi yenyewe kwa maneno yanayopimika: si "kuchunguza mshukiwa" bali "kufuatilia gari namba fulani, Ijumaa hadi Jumapili, na kutoa ripoti ya maandishi yenye picha". Bei, gharama za ziada na kikomo chake. Lini ripoti itatoka. Kwamba atatumia njia halali tu. Kwamba yuko tayari kutoa ushahidi mahakamani akihitajika, na kwa malipo gani. Hilo la mwisho huachwa mara nyingi, na ndilo huumiza. Angalia swali kuhusu picha mahakamani.

Kama una wakili, afadhali yeye ndiye amwajiri mpelelezi. Wakili anajua ni ushahidi gani utakufaa, na atamzuia asikusanye uchafu usio na kazi.

Bei ya haki ni ngapi?

Hakuna bei moja. Pata makadirio ya watu wawili au watatu, na uogope zaidi ile ya chini sana.

## Mipaka ya kazi

Anasema anaweza kunitolea taarifa za M-Pesa, rekodi za simu, au kuingia WhatsApp ya mke wangu. Kweli anaweza?

Labda anaweza, labda anakudanganya. Kwako yote mawili ni mabaya.

Kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018: faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kunasa mawasiliano yanapopita adhabu yake ni kubwa zaidi. Na Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, mkeo akiwemo. Ndoa haifuti kifungu hicho. Aliyeagiza na kulipia naye anaweza kuunganishwa kwenye mashtaka.

Rekodi za simu na za pesa hupatikana kwa amri ya mahakama. Basi mtu akianza kwa kukuahidi hizi, hana haja ya kukaguliwa leseni tena. Mwache aende.

Na kifaa cha GPS kwenye gari?

Mahali mtu alipo ni data yake binafsi. Sheria inataja hivyo waziwazi. Gari likiwa lako na unalifuatilia lisiibwe, huna neno. Lakini kumlipa mtu afiche kifaa chini ya gari linalotumiwa na mtu mzima mwingine ni jambo lingine, hata kama ni mwenzako na logbook ina jina lako. Matumizi ya nyumbani tu yana nafuu kwenye sheria ya data. Kazi ya mpelelezi wa kulipwa si matumizi ya nyumbani. Zungumza na wakili kwanza.

Picha na video zake zitakubaliwa mahakamani?

Zinaweza, zikija kwa njia yake. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi rekodi ilivyotolewa, kikiwa kimetiwa saini na mtu anayehusika. Kwa hiyo picha iliyotumwa kwa WhatsApp na "Boss Kim" ambaye simu yake sasa haipatikani ni ngumu sana kuitumia. Nani aliipiga? Kwa simu gani? Simu iko wapi?

Ripoti ninayofurahi kuipokea husomeka hivi: tarehe, saa, barabara, gari lilisimama wapi, aliyepiga picha ni nani na alikuwa amekaa upande gani, kifaa ni kipi na kimehifadhiwa wapi. Haina mbwembwe, na wakili wa upande wa pili hupata shida kuitikisa.

Tena, Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinaagiza ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utupwe nje, ukifanya kesi isiwe ya haki au ukiharibu utoaji haki. Unaweza kulipa pesa nyingi kwa video ambayo hakimu hataitazama.

Nikishapata picha, naweza kuziweka Facebook watu wamjue?

Usifanye hivyo. Septemba 2023 ODPC iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na huyo alikuwa mtu aliyekuja kustarehe tu. Uzinzi ni sababu ya kuomba talaka chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Si kosa la jinai. Mpe wakili picha, na simu yako uiweke chini usiku huo.

## Hali zisizo za kawaida

Niko ughaibuni na nataka mtu akague ujenzi wa nyumba yangu Ruai. Naye pia akaguliwe?

Ndiyo, na kwako ni rahisi kuliko unavyofikiri, kwa kuwa eCitizen na barua pepe ya PSRA hazijali uko Doha au Boston. Lakini jiulize kama unahitaji mpelelezi. Kwa ujenzi, mhandisi au mkadiriaji majengo aliyesajiliwa atakupa ripoti bora. Mpelelezi anafaa pale unaposhuku kuwa pesa zinaliwa na ndugu, na umeshindwa kuuliza.

Ana leseni ya nje. Inatambulika hapa?

Haimruhusu kufanya kazi Kenya. Bado ni PSRA. Na jua unachoonyeshwa. Marekani leseni hutolewa na jimbo, si taifa: California wana ofisi yao yenye ukurasa wa kutafuta leseni, Texas wana yao, na Wyoming haina leseni ya jimbo kabisa. Uingereza haijaanza kutoa leseni za wapelelezi binafsi, ingawa sheria yao ya 2001 inaruhusu. Anayekuonyesha "leseni ya serikali ya Uingereza" ya upelelezi muulize ilitolewa na nani.

Mtoto wangu hajulikani aliko. Nitafute mpelelezi?

Polisi kwanza, sasa hivi. Hakuna sharti la kungoja saa 24. Nenda kituo cha karibu, chukua namba ya OB, kisha piga 116, simu ya bure ya watoto. Mpelelezi mwenye leseni anaweza kusaidia baadaye, lakini jihadhari: ukishaweka tangazo la mtoto aliyepotea, watakupigia watu wanaodai "tumemwona, tuma nauli tumfuate." Hapo kagua kila jina, hata kama moyo unawaka.

Nimeshalipa, na sasa nimegundua hana leseni.

Usimpigie kumtisha. Hifadhi kila kitu kwanza: ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp, sauti alizotuma, cheti alichokuonyesha. Kisha piga ripoti PSRA, na polisi ikiwa cheti kilighushiwa. Pesa zako zikiwa hazizidi shilingi milioni moja, unaweza kudai kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambako huhitaji wakili na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Utahitaji kujua jina lake halisi na mahali pa kumpelekea hati za mahakama, ndiyo maana swali la kwanza kabisa la ukaguzi lilikuwa jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Akianza kukutisha kwamba atatoboa siri zako, usimwongezee hata shilingi. Peleka vitisho hivyo polisi.

Na kama mimi ndiye ninayefuatwa?

Ukaguzi uleule unakufaa. Andika namba ya gari, saa na mahali, bila kumvamia mtu. Akija kukuuliza maswali, una haki ya kujua ni nani na anakusanya habari zako kwa sababu gani, na huna wajibu wa kumjibu. Uliza PSRA kama amesajiliwa. Unaweza kuwasilisha malalamiko kwa ODPC, ambayo sheria inaitaka iyaamue ndani ya siku 90. Ukihofia usalama wako, OB leo, malalamiko kesho.